Mbuga ya Mwalimu Masanja

Enzi zetu za kidato cha kwanza (msicheke, wenzangu wa cha nne, hata miaka mitatu ni enzi) mtoto wa milimani alishuka Morogoro juu ya lori la kabichi, sanduku la bati amelikumbatia, matope mekundu ya Mgeta yamemganda mpaka magotini. Mimi nilishuka hivyo. Nilinuka kabichi wiki nzima, nikaona haya hata kuomba chumvi mezani. Nyumbani nilikuwa bingwa wa kuteleza mteremkoni nimekalia gamba la mgomba, kelele zangu zikisikika bonde la pili. Shuleni ile sauti ilipotelea wapi, sijui.

Baba alinikubalia kusoma kwa sharti moja. “Nenda. Ila siku nitakayoitwa huko kwa utovu wa adabu, tunarudi wote na sanduku.” Na baba yangu si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Jiografia tulifundishwa na Mwalimu Masanja, Msukuma mrefu aliyeamini kwamba nchi husomwa kwa miguu. Wenzetu wa mkondo wa pili walichora kanda za uoto ubaoni. Sisi alitupandisha mlima. Tulianza kwenye miombo, tukapita migomba na njegere za watu, tukafika kwenye ukungu, ambako msitu unadondosha maji hata siku isiyo na mvua. Kila aliposimama alitutaka tushike udongo, tuufinyange, tuunuse. Ule mweusi wa msituni ningali nautambua nimefumba macho: unanukia uyoga. Tukirudi jioni, maharage ya shule, na wadudu wake, tuliyaona matamu kuliko pilau ya Idi.

Kisha likaja jaribio. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimekariri mpaka ulimi umechoka. Swali la mwisho lilikuwa na neno moja tu la Kiswahili, “mbuga”: tutaje zao linalostawi humo, na sababu yake. Moyo ukatulia, nikajiona nimefika nyumbani. Nikaandika kwamba kwenye mbuga hakuna zao linalostawi, kwa sababu mkulima atakamatwa na askari wa wanyamapori, na asipokamatwa ataliwa na simba. Nikaongeza kwamba mwenye kubisha aende Mikumi na jembe lake.

Siku ya pili nikaitwa ofisini. Zuhura, niliyekaa naye dawati moja, alininong'oneza kwamba yeye swali lile aliliruka, maana hajapata kuona mbuga ikilimwa. Haikunisaidia kitu.

Nikatoa shikamoo. Mwalimu Masanja akaitikia macho yakiwa kwenye karatasi yangu.

“Wewe ambaye hata jina lako darasani tunalivuta kwa kamba, ndiye wa kunituma Mikumi na jembe?”

Akachukua kalamu.

“Haya. Baba yako yuko kijiji gani? Aje tuzungumze.”

Nililiona sanduku langu likipandishwa lorini. Sauti iliyonitoka sikuijua.

“Mwalimu, kwani mbuga si ya wanyama?”

“Mbuga ni ya mpunga, binti. Ule udongo mweusi wa bondeni. Mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Kwenu mnauitaje?”

“Hatuna, mwalimu. Kwetu ni mlima mtupu.”

Akaiweka karatasi mezani, akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. “Kumbe nimewatungia watoto wa Morogoro mtihani wa Shinyanga,” akasema. “Nenda kale. Mzee tumwache na shamba lake.”

Nilitoka, nikakaa pale pale kwenye ngazi za ofisi. Nilipumua kama mtu aliyetua mtungi baada ya mlima mzima.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasema kwamba swali la mwisho amekosa yeye, wala si sisi. Akataka kila mmoja aseme kwao mbuga maana yake nini. Nilinyoosha mkono wa kwanza. Zuhura nusura aanguke dawatini.

Sasa Mwalimu Masanja amepewa uhamisho. Vidato vya kwanza vya siku hizi vina viatu vinavyong'aa, vinaogopa tope kama paka. Kanda zote wanazo vichwani, sawasawa na zilivyo ubaoni, lakini ukimwambia mmoja akuonyeshe myombo anakuonyesha mwarobaini wa bwenini. Alama wanatuzidi, sikatai. Ila sijasikia hata mmoja wao akisimulia kwamba mwalimu alisimama mbele yao na kusema, hapa nimekosa mimi. Sisi tuliambiwa, na mimi na sanduku langu tuko bado shuleni.