Utando wa Tabitha

Mwaka 1996 Tabitha, binti wa mkulima wa kahawa wa Mwika, alikuwa na miaka mitatu Ujerumani akisomea kemia. Kazi yake ilikuwa moja tu: utando wa plastiki wenye matone madogo mno ya fuwele kimiminika, kitu kile kile kinachoonyesha tarakimu kwenye saa za elektroniki. Bila umeme, utando huwa mweupe kama maziwa. Ukipata umeme, molekuli zilizomo hujipanga upande mmoja, nao unaonyesha kilicho nyuma yake kama kioo cha dirisha. Lakini wa Tabitha ulidai volti sitini, na ukizimwa ulijivuta kurudia weupe wake. Profesa wake alikwishamwambia: jaribio moja tena, la sivyo ufadhili unakoma.

Akaibadili molekuli yenyewe. Akaufupisha mkia wake, maana mkia mrefu huichelewesha kugeuka; kwenye ncha ya pili akaweka atomi zinazoifanya iusikie umeme zaidi. Utando ulikuwa ndio kwanza umekauka simu ilipoingia: baba yake, Mzee Eliamini, anapasuliwa tumbo Moshi. Akaufunga kwenye leso, akapanda ndege bila kuupima.

Baba alipona. Wiki ya pili alikuwa nyumbani, anakula mtori wa ndizi na kuulizia ng'ombe wake. Tabitha ndiye aliyekuwa hali chakula.

"Mwanangu, unaniuguza au unaugua?" baba akamwuliza.

Akamweleza yote.

"Sasa si ukaupime?"

"Vyombo viko Ujerumani, baba."

"Kwani umeme wa Moshi una kasoro gani? Nenda kwa Primus, yule fundi redio."

Kesho yake asubuhi akateremka mjini. Mzee Primus alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa transfoma ya redio kuukuu.

"Hii inatoa volti kumi na mbili tu."

"Utando wa zamani usingetikisika kwa hizo," Tabitha akasema. "Tujaribu."

Akaulaza utando juu ya gazeti. Maandishi yakapotea chini ya ule weupe. Primus akagusisha nyaya pembeni, na papo hapo ukurasa ukajitokeza.

"Mkutano wa wakulima wa kahawa, Jumamosi," Primus akasoma polepole. Akaondoa waya. Weupe ukarudi mara moja, kama kope inavyofumba.

"Rudia, mzee wangu."

Akarudia mara kumi. Tabitha akakaa juu ya kreti, machozi yanamtiririka. Primus akampa kikombe cha chai.

Kutoka hapo alikwenda posta, akamtumia profesa faksi ya mistari minne. Alipofika Mwika alimkuta baba amekaa barazani.

"Shikamoo, baba. Utando umekubali."

"Marahaba. Basi mwambie mama yako akupakulie. Tangu uje hujamaliza sahani hata moja."

Siku hiyo alimaliza mbili.