Meno ya Gurudumu la Nyuma

Uchovu wa Inosenti haukuwa ule wa kulala ukaamka mzima. Miaka kumi na tisa alikuwa Karatu, fundi wa pikipiki na wa chochote chenye injini, chini ya bati lile lile kando ya barabara ya Ngorongoro, akimeza vumbi jekundu la malori. Magoti yalimuuma kila alipochuchumaa, na kazi ya fundi ni kuchuchumaa. Mkewe Antonia alikwisha kutangulia Rombo tangu Pasaka kuangalia migomba. Yeye alibakiza siku mbili amfuate, na sanduku la vyombo vyake lilikwisha kufungwa kamba.

Asubuhi hiyo ya Agosti, mwaka wa themanini na moja, lori lililotoka kupeleka mahindi Endulen lilisimama mbele ya banda. Akashuka Kisioki, bwana mifugo wa huko, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa shingoni. Utingo akamshushia pikipiki yake.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Umefanya nini, Kisioki?”

“Nimeanguka. Mfupa wa bega.”

Inosenti aliijua pikipiki ile kuliko alivyowajua majirani zake. Ilikuwa kuukuu, ya Kijerumani, isiyo na cheni. Nguvu ya injini ilipita katika shafti mpaka nyuma, na huko mwisho palikuwa na meno ya chuma yaliyoingia katika meno mengine ndani ya kitovu cha gurudumu, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Meno hayo yalitaka grisi kila mwaka, tena kidogo sana. Ukiyaacha makavu yanasagana mpaka yanaisha, na siku moja injini inanguruma gurudumu limesimama. Ukiyazidishia, grisi inayeyuka kwa joto na kuingia kwenye breki, maana breki ya nyuma imo humo humo. Kila mvua za masika zilipoisha Inosenti alilifungua gurudumu lile na kupaka. Mwaka huu hakupaka.

Kisioki alikuja mwezi wa Juni kama kawaida yake. Siku hiyo mgongo ulikuwa umemkaza Inosenti tangu alfajiri, na alipoliona gurudumu lile alihisi kama anaombwa aubebe mlima. Akasema grisi imekwisha, hata Arusha haipo. Nani angebisha? Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. “Kapake mwenyewe mafuta yoyote,” akamwambia. “Ni kazi ndogo.”

Sasa alichuchumaa, akachomoa ekseli, akavuta gurudumu. Harufu ya nyama ya kuchoma ikampiga usoni.

“Umepaka nini humu?”

“Mafuta ya kondoo. Nililifungua gurudumu, nikampa yeyo apake. Mama ndiye anayejua mafuta kwetu.”

Inosenti akafumba macho. Aliishi na Wamasai vya kutosha kujua. Mtoto akizaliwa hupakwa mafuta ya kondoo, bibi harusi hupakwa, na atakayepaka kwa ncha ya kidole ataonekana mchoyo asiyekutakia heri. Mama Sintamei, yeyo wa Kisioki, alimpakia mwanawe gurudumu kwa kiganja chote, kwa mapenzi yote. Kwenye mteremko wa kushuka Endulen kitovu kikapata moto, mafuta yakayeyuka, breki ya nyuma ikawa inateleza tu. Kisioki akabana ya mbele juu ya changarawe, na pikipiki ikamtupa.

“Meno ni mazima,” Inosenti alisema. “Breki ndizo zilizolowa. Nitaziosha kwa petroli, nizipige msasa.”

“Halafu upake nini, na grisi hakuna?”

Inosenti akaanza kukwangua mafuta kitovuni. Angeweza kumwambia ajaribu kwa fundi mwingine. Siku mbili tu zilibaki, na huko Rombo hakuna ambaye angemuuliza habari hiyo.

Kisioki akakaa juu ya tairi bovu. “Bega litapona,” alisema. “Shida ni yeyo. Tangu nianguke hajagusa mafuta. Mke wa mdogo wangu, Nosim, amejifungua wiki iliyopita, na mtoto mpaka leo hajapakwa. Yeyo anasema mkono wake una mkosi, ulitaka kumuua mwanawe. Nosim analia, anaona mtoto wake amekataliwa na bibi yake. Nimeongea mpaka nimechoka.”

Inosenti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alifikiri uongo wake ulikuwa wa fundi na mteja, yakaisha. Kumbe ulikuwa umefika bomani na kukaa kati ya kikongwe na mjukuu wake.

Akaenda kwenye sanduku, akafungua kamba fundo moja moja. Chini kabisa, ndani ya shati kuukuu, palikuwa na kopo la grisi nyeusi lililojaa nusu.

Kisioki akalichukua kopo kwa mkono wake mzima, akalipima uzito.

“Kumbe ilikuwepo.”

“Ilikuwepo. Nilichoka kuchuchumaa, basi. Sina neno lingine.”

Kisioki hakutukana, na hilo lilikuwa zito kuliko tusi. “Neno hilo ukamwambie yeyo mwenyewe,” alisema. “Mimi hataniamini. Atadhani namfariji.”

Inosenti akaosha, akapiga msasa, akapaka grisi kwa brashi ya kunyolea, nyembamba hata rangi ya chuma ikaonekana chini yake. Kesho yake aliendesha mwenyewe, Kisioki amekaa nyuma, wakapandisha kwenye ukungu na kuteremka upande wa pili, na breki zikashika.

Mama Sintamei alikuwa mlangoni pa nyumba yake. Inosenti akainamisha kichwa apokee salamu, kikongwe akamgusa utosini. Kisha akasema yote kwa Kiswahili chake cha Rombo, na Kisioki akayageuza Kimasai bila kupunguza kitu: kopo, sanduku, uongo, magoti. Mama alisikiliza akitazama chini. Alipoinua uso hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni.

Akaita ndani. Nosim akatoka na mtoto, na kibuyu cha mafuta. Mama akampaka mjukuu kichwa, tumbo na miguu, polepole, kwa kiganja chote, huku Nosim akifuta machozi.

Yalibaki mafuta mkononi mwake. Akasema kitu.

“Anasema ukae chini,” Kisioki alitafsiri, “upandishe suruali. Anataka hayo magoti.”

Inosenti akakaa chini, akapandisha suruali. Mama hakumpunja.