Ndege wa Kwenye Runinga

Katikati ya miaka ya tisini, mchezo wa bunduki ulipofika nyumbani kwetu Kinoru, nilikuwa kidato cha pili na sikuamini macho yangu. Unaelekeza bunduki ya plastiki kwenye runinga, unafyatua, na ndege aliye ndani ya kioo anaanguka! Nani amemwambia kwamba nimemlenga? Kaka yangu alisema ni umeme tu. Umeme tu! Nilitaka kumzaba kofi.

Wiki hiyo nyanya yetu alikuja kututembelea kutoka Mbeere. Huko kwenye joto alikuwa amezeekea juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, akifukuza ndege wasimalize mawele yake, na kwa kombeo hakuna mwanamume niliyemjua aliyemfikia shabaha. Nikamkabidhi bunduki.

"Nyanya, leo utatuonyesha."

Ndege wa kwanza alipochomoka majanini, nyanya hakufyatua. Alisimama, akapiga ile kelele ya shambani, "Hooo! Hooo!" mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Ndege akapaa, akafika ukingo wa kioo, akatoweka. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu pia. Runinga ikatoa mlio wa huzuni na kuandika kwamba mchezo umekwisha.

Kaka yangu alicheka hadi akashika mbavu. "Nyanya, wote wamekuponyoka!"

Nyanya alinirudishia bunduki, akaketi. Sijawahi kuona mshindi mwenye uso uliong'aa vile.

"Wameenda," alisema, "bila kudonoa hata punje moja."