Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Hadi leo nikisikia harufu ya nyama choma, naikumbuka Isiolo ya miaka ya sabini na gari langu jekundu, nami naona aibu upya.

Nililinunua Mombasa, chumvi imeshaanza kula bati la chini. Nikalifungia kabureta mbili na ekzosi nene, likanguruma kama simba. Kuhusu kutu, nikajifanya mjuaji. Mama alipaka ngozi mafuta ya mkia wa kondoo zisiharibike, basi nami nikapaka chini ya gari, debe zima.

Ilikuwa Ramadhani, mchana wa jua kali, nikalikimbiza hadi Burat kumringishia Mzee Guyo, baba ya msichana niliyetaka kumuoa. Njiani ekzosi ikapata moto, mafuta yakaanza kukaangika. Niliposimama, mtaa mzima ulinukia choma.

"Salaam aleikum, mzee."

Alinikazia macho mdomoni. "Kijana, unakula mchana?"

"Wallahi nimefunga, mzee!"

Majirani wakajaa. Mzee akainama, akachungulia chini ya gari, akagusa tone lililokuwa likidondoka, akanusa kidole. Kisha akawageukia watu.

"Mwacheni, kijana amefunga. Gari yake ndiyo haijafunga."