Mke wangu anakwenda kula kwa jirani

Admin, nifichie jina, Babati ni ndogo. Nina miaka 46, ni fundi cherehani, naishi Singe na mke wangu. Watoto wako shule ya bweni. Mke wangu anatibiwa saratani ya titi, anawekewa dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, hospitali ya mbali.

Safari ya pili uzito ulikuwa umeshuka. Mtaalamu wa lishe akasema ukizidi kushuka, dawa itabidi isogezwe mbele. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, chochote kinachopita. Mimi nilichosikia ni kwamba asipokula atakufa. Nikahamishia cherehani nyumbani. Nikawa napika mwenyewe, napeleka chakula cha moto, nakaa mbele yake namhesabia vijiko. "Bado vitatu, Mama Doreen. Bado viwili." Siku moja alitapika nikamfokea. Niliomba msamaha, lakini nilishafoka.

Mwezi uliopita nilipeleka sare ya mtoto wa jirani yetu, Mama Elia. Kabla sijapiga hodi nikamsikia mke wangu anacheka nyuma ya jiko. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu augue. Nikachungulia. Amekaa kwenye kigoda, anakula viazi vitamu na maharage yaliyopoa, kwa mkono. Mama Elia anapukuchua mahindi yake, wala hamtazami.

"Ukishindwa weka hapo, kuku watamalizia," Mama Elia akamwambia.

"Hiki kinapita, hakinuki. Cha moto nikikisikia harufu tu, koo linafunga. Halafu Baba Doreen ananiangalia kama nimeshakufa. Usimwambie, dada, ataumia."

Nikarudi na sare yangu mkononi. Niliumia kweli. Niliona wivu, jamani, mtu mzima naonea wivu viazi vya jirani.

Juzi kwenye mizani ameongezeka kilo moja na nusu, dawa akapewa. Mtaalamu akanishika mkono. "Hongera, baba, unamlisha vizuri." Nikasema asante. Mke wangu akatazama chini.

Sasa kila asubuhi napika uji, naufunika, namwambia nakwenda sokoni kununua uzi. Uzi ninao tele, nataka tu apate nafasi ya kutoka. Nikirudi sufuria imeoshwa. "Umekunywa?" "Nimemaliza wote." "Vizuri." Najua uji umekwenda kwa kuku wa Mama Elia. Jioni anasema ameshiba, nakula mwenyewe natazama ukuta. Miaka kumi na tisa tulikuwa tunakula sahani moja.

Nikimwambia najua, naogopa ataona aibu, aache kwenda, uzito ushuke tena. Nikinyamaza, nitaendelea hivi hivi, na upweke huu umenichosha. Natamani niende na sahani yangu, nipewe kigoda, nisihesabu kitu.

Mliowahi kuuguza, nishaurini. Nipige hodi, au nimwache ale?