Sataranji ya Wapagazi

Shemeji yangu hajawahi kumaliza mchezo wa sataranji kwa sheria zile zile alizoanza nazo. Nimecheza naye miaka saba, karibu kila Jumapili alasiri, kwenye meza ya chakula nyumbani kwake Gongoni, na haya nayaandika hasira ikiwa haijaisha.

Ni mume wa dada yangu, fundi seremala, mtu wa Tabora mjini tangu enzi za mababu zake. Ubao aliutengeneza mwenyewe, wa mninga, na kete akazichonga kwa mkono: nyeupe za mninga, nyeusi za mpingo. Sijaona ubao mzuri kuliko ule. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mchezo nilijifunza chuoni, kwa kitabu. Kwangu sheria ikishaandikwa imeandikwa.

Tulianza kugombana kwa ajili ya askofu. Yeye anamwita tembo, kama alivyomwita marehemu baba yake, na hilo nilimwachia. Jumapili iliyofuata huyo tembo akaanza kuruka kete zilizo mbele yake, eti nimeona wapi tembo akizuiwa njia? Kisha farasi akawa punda: anaruka kama kawaida ila harudi nyuma, kwa kuwa punda wa msafara akishavuka mto haurudii. Malkia naye akakatazwa kwenda mbali na mfalme, mpaka dada yangu alipotoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani aliyemfungia mwenzake ndani. Siku hiyo hiyo malkia akapata ruhusa yake. Sheria zote hizi shemeji aliziandika kwenye daftari la shule, akalitundika kwenye msumari ukutani, na kila nilipobisha alilishusha akanisomea kama kadhi.

Halafu ikaja ile iliyonimaliza nguvu. Babu wa babu yake, anasema, alikuja na misafara ya kutoka pwani, na sisi Wanyamwezi ndio tulioibebea mizigo. Kwa hiyo wale askari wanane wa mbele si askari tena, ni wapagazi. Mpagazi anaweza kujitwika kete kubwa iliyo nyuma yake na kusogea nayo. Hiyo nayo nikaimeza. Lakini wapagazi wanaweza pia kugoma. Mara moja katika kila mchezo, mchezaji akitamka "wapagazi wamegoma", kila kitu kinasimama. Hakisogei kitu mpaka mwenzake aitoe kete yake moja kubwa, iwe ndiyo posho yao. Wapagazi wa zamani, anasema, walitua mizigo njiani wakakaa chini, na mwenye msafara hakuwa na la kufanya ila kulipa.

Bila shaka umeshajua aliutumia lini mgomo huo. Kila nilipombana. Sikumbuki ni ngome ngapi nimezitoa posho nikiwa nimebakiza hatua mbili nimfunge.

Wala siruhusiwi kukasirika. Shemeji ni mtani wangu, na kwetu ukimkasirikia mtani unatozwa kuku. Nimeshatoa majogoo watatu, na wote waliliwa mbele ya macho yangu huku nikikaribishwa paja.

Mwaka huu nikaletewa barua ya uhamisho, naenda kufundisha Igunga. Jumapili ya mwisho nilifika kwake, nikamwamkia, kisha nikasema lililonileta.

"Shemeji, kesho naondoka. Nataka mchezo mmoja wa sheria za kitabu. Hakuna tembo wa kuruka, hakuna punda, hakuna mgomo."

"Ukinifunga?"

"Naondoka na ubao."

Aliupangusa ubao kwa kiganja, taratibu. "Na nikikufunga mimi?"

"Sitakulalamikia tena maisha yangu yote."

Dada akasema kutoka jikoni kwamba hilo haliwezekani.

Ubao niliutaka kweli. Igunga nilikuwa naenda kuanza peke yangu, kwenye nyumba ambayo sikuwa hata nimeiona. Lakini zaidi ya ubao nilitaka kujua kama miaka yote ile nilikuwa nashindwa na mtu au nashindwa na daftari.

Alilishusha daftari, akampa dada alishike. Akacheza. Hakutania, hakusimulia habari za babu yake, hata chai yake ilipoa. Na bila mizaha yake, yule mtu anatisha. Baada ya saa moja ngome yangu moja ilikuwa imeliwa, na malkia wake amesimama mbali kidogo, njia nyeupe mbele yake mpaka kwa mfalme wangu.

"Mlinde mfalme, shemeji," alisema kwa upole.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Kila mahali pa kukimbilia palikuwa na mtu wake. Nikaona ile nyumba ya Igunga na meza yake tupu.

"Wapagazi wamegoma," nikasema.

Dada aligeukia ukutani ili nisimwone akicheka. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Basi wamegoma," alisema.

"Lipa posho."

"Sina haraka. Waache wapumzike."

Akaingia jikoni, akarudi na kawa, akaufunika ubao pamoja na kete zake kama anavyofunika wali.

Kesho yake nilipanda basi nikiurudia mchezo kichwani hatua kwa hatua, na tulipofika Puge nikaona. Askofu wangu alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ile njia. Angeingia katikati akaziba, na malkia wa shemeji angekimbia au angeliwa. Sikuwa nimefungwa. Nilisubiri miaka saba nipate mchezo mmoja safi, na nikauharibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitamani kushuka nirudi kwa miguu.

Nzega basi liliposimama nikampigia simu.

"Shemeji, naufuta mgomo. Tembo wangu anaziba."

"Mgomo haufutwi na aliyeuitisha. Unaisha posho ikilipwa."

"Kwa kitabu gani?"

"Kwa daftari. Si wewe uliyelifungua?"

Huu ni mwezi wa pili niko Igunga. Dada ananipigia kulalamika kwamba wanakula mkekani, maana meza ina msafara na yeye haruhusiwi hata kuifuta vumbi. Kila Jumapili namuuliza mumewe atalipa lini, na kila Jumapili ananijibu kwamba bado anafikiria ni kete gani anaweza kuishi bila hiyo. Shule zikifungwa nakwenda. Tiketi nimeshakata, na jogoo nimeshamnunua kabisa, yuko hapa uani ananipigia kelele.