Cherehani Mlangoni pa Uani

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi mtaani Ng'ambo, cherehani yangu ilikuwa kwenye mlango wa uani, penye mwanga. Choo kiko uani, na njia ni hiyo moja. Kwao kijijini, mama hapiti mbele ya mkwewe kwenda haja, wala hamwombi kitu. Humtuma binti yake. Mimi, mtoto wa mjini, sikulifikiria hilo. Nilishona kanzu zangu na kuulalamikia umeme.

Yeye alilifikiria. Chai alikunywa nusu kikombe, maji akayakwepa, mkojo akaubana mpaka nitoke kwenda msikitini adhuhuri.

Baada ya muda mambo yakageuka. Alipita, akarudi, na kabla hajaketi vizuri akapita tena, mkono chini ya kitovu, uso umekunjamana. Niliingiwa na hofu, maana niliwahi kuugua kibofu na mwendo ule naujua. Nikamwambia mke wangu. Alipomuuliza, mama akasema ni uchovu wa safari tu. Haikupita wiki akashikwa na homa ya kutetemeka na maumivu ya kiuno. Tukampeleka hospitali, Kitete.

Mke wangu alikuwa bado kwenye foleni ya dirishani tulipoitwa ndani.

"Shikamoo mama. Unasumbuliwa na nini?" daktari, binti mdogo tu, aliuliza.

"Marahaba. Homa tu, mwanangu."

"Hakuna kingine?"

Aliinamisha macho sakafuni. Niliona yuko radhi kufa kuliko kulitaja mbele yangu. Nilikasirika, sijui kwa ajili yake au kwa ajili ya mila. Nikageukia ukuta.

"Anakwenda haja ndogo kila mara," nikasema. "Nadhani mkojo unatoka kidogo na unamchoma. Na alikuwa akiubana, kwa sababu yangu."

Kisha nikaisikia sauti ya mama ndani ya khanga.

"Unachoma. Na siku hizi una ukungu, unanuka."

Mkojo ulipopimwa, daktari alisema kibofu kimevimba na maambukizi yameanza kupanda kwenye figo. Alilazwa, akapewa dawa, akaambiwa anywe maji kwa wingi na asibane tena.

Kabla hajarudi nyumbani niliihamishia cherehani barazani, kwenye vumbi la barabara. Siku ya kwanza aliipita ile nafasi tupu, akaenda uani. Jioni nikasikia ndara zake nyuma yangu. Alisimama mlangoni, akanyoosha kikombe huku akiangalia pembeni.

"Baba," alisema, "niongezee maji."